Safu za Nyuma, Njia ya Guangzhou

Kwenye foleni ya Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, wafanyabiashara huzungumzia kilo. Mama anayeuza mikoba Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anajua kwa kichwa shirika lipi linatoa mabegi mawili ya kilo 23, lipi linauza begi la tatu kwa bei ya kueleweka, na lipi litapima hata mkoba wa mkononi mlangoni pa ndege. Chakula anakijadili baadaye. Habari za kiti huja mwisho, kwa kuwa mzigo ndio unaorudisha mtaji, na mgongo umezoea kungoja.

Guangzhou inafikika kwa njia kadhaa. Air Tanzania huenda moja kwa moja kwa Boeing 787, kiasi cha saa kumi angani. Ethiopian hukupitisha Addis Ababa, Emirates hukupitisha Dubai, Qatar Airways hukupitisha Doha. Nimezipita njia hizi kwa nyakati tofauti, na kila mara nimekaa daraja la kawaida, nyuma ya bawa, ambako Watanzania wengi ndiko wanakokaa. Magazeti ya kimataifa yanayolinganisha mashirika ya ndege huandika zaidi juu ya vitanda vya daraja la biashara. Vitanda hivyo nami nimeviona, ila kwa kupita. Kwenye baadhi ya ndege za Qatar Airways kuna vyumba vidogo vilivyoanza mwaka 2017, kila kiti na mlango wake wa kufunga, na vile vya katikati vinaweza kuunganishwa vikawa kitanda cha watu wawili. Ni kazi nzuri ya ufundi. Unapita na begi lako begani, mtu ameshavua viatu na ana glasi mkononi, unasema samahani, unaendelea mpaka zulia linapobadilika rangi.

Baada ya pazia ndiko nchi yetu inakoanzia. Kwenye ndege ya kwenda Ghuba utakuta humo wafanyabiashara wa Kariakoo, watalii wenye vumbi la Serengeti kwenye viatu, mzee anayepelekwa na kijana wake India kwa matibabu, na wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudia na Dubai. Hawa wa mwisho unawatambua mapema. Wamevaa baibui jipya, wameshika bahasha ya karatasi zao kifuani, na wanakwenda kwa kufuatana wasipoteane. Wengi wao hawajawahi kupanda ndege.

Nianze na kiti, kwa kuwa ndicho kinachokupokea. Boeing 777 ilipoanza kazi miaka ya 1990, mashirika mengi yalipanga viti tisa kwa safu katika daraja la kawaida. Leo mengi, Emirates likiwemo, hupanga kumi: vitatu, vinne, vitatu. Ndege haikunenepa. Kilichopungua ni upana wa kiti, ambao sasa ni karibu sentimita 43, na njia ya kupita toroli. Kiti cha kumi kinaingiza fedha kila safari, na bili yake inalipwa na mabega ya wengine tisa. Boeing 787 nayo ilifikiriwa kwa viti vinane, na Japan Airlines wameendelea na vinane katika safari zao za kimataifa, lakini karibu kila shirika jingine limeweka tisa. Ukiniuliza, kwa anayekaa nyuma bora kati ya hizi ni Airbus A350, ambayo Ethiopian wanayo. Nayo ina viti tisa, ila mwili wake ni mpana kidogo kuliko wa 787, na zile sentimita mbili tatu zinazoongezeka utazijua saa ya sita usiku, jirani yako atakapolala na kiwiko chake kibaki upande wake.

Kuna jingine lisiloonekana. Hewa ya ndani ya ndege hushindiliwa, lakini haishindiliwi mpaka ilingane na ya pwani. Ndege nyingi za zamani huwaweka abiria katika hewa ya mahali penye urefu wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani kama umesimama Addis Ababa. Boeing 787 huwashusha hadi mita 1,800 hivi, kama umesimama Nairobi. Mtu wa Tanga au wa Unguja, aliyezaliwa na bahari mguuni, anaisikia tofauti hiyo kichwani na kwenye vifundo vya miguu. Mwili wa 787 umejengwa kwa nyuzi za kaboni na si alumini, hivyo hauliwi na kutu na hewa yake inaweza kuachwa na unyevu kidogo zaidi. Koo linakuwa na nafuu. Madirisha nayo ni makubwa, hayana kifuniko cha plastiki. Unabonyeza kitufe na kioo chenyewe kinaingia giza.

Sasa chakula, na hapa naomba nafasi.

Chakula cha ndege hakipikwi angani. Hupikwa jikoni karibu na uwanja, hupozwa haraka kwa mashine, hupangwa kwenye trei, kisha hupashwa moto ndani ya ndege katika tanuri za hewa ya moto. Hakuna kikaango wala sufuria. Ukilijua hilo unajua cha kuchagua: chenye mchuzi. Samaki aliyekaangwa atafika kwako akiwa amelegea, na yai litafika likiwa raba. Lakini nyama iliyochemka ndani ya viungo vyake, dengu, maharage, kuku wa mchuzi mzito, hivi havipotezi kitu kwa kupashwa mara ya pili, na vingine huzidi kuwa vitamu, kama tunavyojua sote tuliowahi kula kiporo cha maharage asubuhi.

Ugumu wa pili ni ulimi wenyewe. Wajerumani waliuchunguza. Shirika la Lufthansa liliwaomba watafiti wa taasisi ya Fraunhofer wawalishe watu ndani ya kipande cha ndege kilichowekwa ardhini, hewa ikipunguzwa shinikizo na unyevu kama angani. Ikaonekana kwamba ladha ya chumvi na ya sukari hufifia sana, na harufu hupungua kwa kuwa pua imekauka. Kinachosalia na nguvu zake ni ile ladha nzito ya nyanya, ya uyoga, ya vitu vilivyokaushwa na kuchacha. Watu wa pwani tunaifahamu ladha hiyo kwa papa mkavu na ng'onda. Ndiyo maana Wajerumani wasioigusa sharubati ya nyanya nyumbani huiomba wakiwa angani.

Kina mama wa Kariakoo hawakungoja utafiti huo. Wanabeba dawa yao. Nimemwona mmoja akifungua mfuniko wa kikopo kidogo cha achari ya embe, harufu ya siki na pilipili ikapanda, na vichwa vya safu tatu vikageuka. Alichota kwa ncha ya kijiko cha plastiki, akaweka juu ya wali uliokuwa hauna habari, akanipitishia kikopo bila kuniuliza. Wali ule ulibadilika mara moja. Kikopo kikaendelea na safari yake hadi kwa kijana wa Kihindi kiti cha dirishani, kikarudi nusu.

Kwa mizani yangu, Ethiopian ndio wanaolisha vizuri zaidi watu wa nyuma katika njia hizi, na sababu yake iko kanisani. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na tena kwa wiki nyingi za kwaresima, bila nyama, maziwa wala mayai. Watu wanaofunga namna hiyo kwa karne nyingi wamejifunza kuzipika dengu, kabichi na mboga za majani mpaka mtu asahau nyama. Jiko lenye urithi huo halibabaiki linapotakiwa kuandaa trei isiyo na nyama. Mashirika ya Ghuba yana wingi: mkate, saladi, chakula chenyewe, jibini, keki, chokoleti, maji, vyote vimesongamana kwenye trei ndogo usijue uanzie wapi. Biriani yao haina lawama. Na kwa Mwislamu wanaondoa wasiwasi, maana nyama ya kila abiria ni halali, huhitaji kuagiza kabla. Ndege za Kichina asubuhi hukupa uji wa mchele usio na sukari, mboga zilizochachushwa pembeni, na maji ya moto. Mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa anautazama uji ule kwa huzuni, lakini namshauri aunywe. Baada ya usiku wa hewa kavu hakuna kinachotulia tumboni kuliko huo. Kwenye ndege ya nyumbani nilikula wali na kuku wa mchuzi, na mhudumu aliponiuliza kama nitaongeza chai, aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekusudia kuileta.

Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Katika safari moja ya kuelekea Ghuba, kwa shirika ambalo sitalitaja, aliketi ng'ambo ya ujia wangu mmoja wa wale wasichana wenye bahasha. Umri wake haukuzidi ishirini na kitu. Mkanda ulimshinda, akaukaza mpaka ukambana, hakujua unavyolegezwa. Meza yake ilikuwa imefichwa ndani ya mkono wa kiti, kwa kuwa safu ile haikuwa na kiti mbele yake, naye aliitafuta kila mahali isipokuwa hapo. Toroli likafika. Mhudumu akamuuliza kwa Kiingereza kama atakula kuku au kondoo. Msichana akajibu ndiyo, kwa Kiingereza, neno pekee alilokuwa nalo. Mhudumu akarudia swali lile lile kwa sauti ya juu zaidi. Akajibu ndiyo. Trei ikawekwa, toroli likaondoka.

Hakula. Alifunua foili kidogo, akaitazama ile nyama, akaifunika. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa kando yake alimwacha kwa muda, kisha akamgeukia.

"Mwanangu, mbona huli?"

"Shikamoo, mama. Nimeshiba."

"Marahaba. Umeshiba nini, tumetoka Dar saa ngapi? Sema kweli."

Msichana akainama. Akasema hajui ni nyama gani, anaogopa isije ikawa nguruwe.

"Ndege hii haina nguruwe hata kidogo. Hii ni kondoo. Kula, mama yangu, huko uendako hujui utakula saa ngapi."

Akala yote, na mkate, na keki, na kile kipande cha jibini cha pembetatu ambacho wengi wetu hukitia mfukoni. Baadaye aliinuka kwenda msalani, akasimama mbele ya ule mlango unaojikunja katikati, akausukuma upande wa bawaba, haukufunguka, akarudi akakaa. Ni mama yule yule aliyemshika mkono akamrudisha na kumwonyesha pa kubonyeza.

Kwenye kiti cha msichana kulikuwa na skrini yenye filamu nyingi kuliko atakazoziona mwaka mzima. Blanketi lilikuwa safi. Kwa kipimo cha wanaotoa tuzo, ndege ile ilikuwa na kila kitu. Kwake yeye ilikuwa karibu imfikishe na njaa, na aliyeizuia hakuwa mfanyakazi wa shirika bali abiria aliyelipa nauli.

Si lazima iwe hivyo, na sisemi kwa kubahatisha, maana nimeona vinginevyo. Kwenye ndege ya Ethiopian kutoka Dar, mhudumu asiyejua Kiswahili alifika kwa bibi mmoja asiyejua Kiingereza wala Kiamhari. Hakuongeza sauti. Alitoa vyakula viwili, akafunua foili zote mbili, akaviinamisha bibi avione, akangoja. Bibi akaelekeza kidole. Ilichukua nusu dakika. Safari nyingine, kwenye shirika kubwa la Ghuba, mhudumu Mkenya alisikia Kiswahili safu za nyuma akaja akachuchumaa kwenye ujia. "Dada, mnaendelea aje? Kuna mtu hajapata maji?" Safu nzima ikaanza kuomba kwa mpigo: maji, blanketi, panadoli, fomu ya kuingilia nchi, saa ngapi tutafika. Mambo hayo walikuwa nayo tangu Dar. Walikosa tu pa kuyapeleka.

Wakenya na Watanzania wako wengi katika kazi hiyo huko Ghuba, wanakwenda kutafuta kama wengine. Emirates hata hutangaza mwanzoni mwa safari lugha wanazozungumza wahudumu waliomo ndani. Nimesikiliza orodha hizo kwa makini kwenye ndege za kwenda na kutoka kwetu. Mara nyingine Kiswahili kimo, mara nyingine utasikia lugha za mabara mengine na ya kwetu haipo. Shirika la Saudia, kabla ya kuruka, huwasomea abiria dua ya safari, na wazee wanaokwenda kuhiji huitikia amina kwa sauti. Maneno yaliyobaki yote yanaweza kuwapita, lakini hilo wanalielewa na nyuso zao hutulia. Kenya Airways na Air Tanzania hutangaza kwa Kiswahili, na hapo ndipo utaona kitu ambacho hakuna kiti kinachoweza kukileta. Watu husikiliza. Mzee anageuza kichwa kutazama mlango wa dharura uko wapi, kwa sababu ameambiwa na ameelewa.

Jambo hili limezidi adabu ya mezani. Sheria za usalama humtaka mtengenezaji athibitishe kwamba ndege iliyojaa inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu tu ya milango ikitumika. Sheria hizo hizo za Marekani na Ulaya hutaka walau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na si kwa ajili ya juisi. Mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo alikuwa muuguzi: Ellen Church, Mmarekani, mwaka 1930, aliyelishawishi shirika la Boeing Air Transport limwajiri yeye na wauguzi wenzake kwa sababu abiria waliogopa na kuugua. Mhudumu yupo hapo kwa ajili ya anayeogopa na asiyejua la kufanya. Kwenye safari ile niliyoisimulia, msichana asiyejua kulegeza mkanda wake alikuwa amekaa safu ya mlango wa dharura.

Kwa hiyo nikiulizwa na ndugu anayekwenda Guangzhou apande ipi, namjibu kwa kuangalia ni nani. Kijana anayesoma Kiingereza vizuri na anataka filamu na nafuu ya nauli, Ghuba hapana neno. Mwenye mizigo na tumbo linalopenda mboga, Addis Ababa, na akipata nafasi pale uwanjani Bole anywe kahawa ya jebena, lile birika la udongo la Kiethiopia, akiwa amekaa kwenye kigoda, asikimbilie lango. Mzazi wake aliyezidi miaka sitini, anayesafiri peke yake, namwambia amtafutie ile inayokwenda moja kwa moja kutoka Dar, hata kama itabidi asubiri siku ya ndege, hata kama kilo zitapungua. Wote watatu watafika China. Lakini mzazi atakuwa na mtu wa kumwambia kwamba goti linauma.

Kwa mashirika makubwa nina ombi moja, na najua linawezekana kwa sababu nimeona wanavyofanya kazi ngumu kuliko hiyo. Abiria akiagiza siku moja kabla chakula kisicho na ngano, au cha Kihindi kisicho na nyama, au cha mgonjwa wa kisukari, trei yake hutengwa jikoni nchi nyingine, hubandikwa namba ya kiti, hupakiwa, hupashwa, na huletwa kwake kabla ya toroli kuanza, ikimfuata hata akibadilisha ndege Doha au Dubai katikati ya usiku. Mamia ya trei za namna hiyo hupangwa kila siku na ni nadra kupotea. Wahudumu wanaojua Kiswahili tayari wameajiriwa, na lugha zao ofisi inazijua, kwa maana inazitangaza. Wapangwe wawili kwenye kila ndege ya Dar, Zanzibar, Nairobi na Entebbe, mmoja awe nyuma.